Benki ilisema tulia miezi sita, mbona deni likapanda? Na ule msaada wa serikali wa korona ulimfikia nani?

SWALI: Mimi nina hoteli ndogo ya chakula Mombasa. Korona ilipoingia 2020 nilikuwa nadaiwa na benki laki sita, riba asilimia 13, imebaki miaka miwili kumaliza, nalipa kama 28,500 kwa mwezi. Nikapigiwa simu nikaambiwa serikali imesaidia, nisilipe kitu miezi sita. Nikatulia. Miezi sita kuisha naambiwa malipo ni 39,300 kila mwezi. Nilishindwa, nikachelewa, nikaingizwa CRB (kumbukumbu za wakopaji ambazo mabenki huangalia), mpaka leo nikiomba mkopo naulizwa hilo deni ingawa nililimaliza. Dadangu yuko Minnesota ana saluni, yeye alipewa mkopo wa serikali na baadaye ukafutwa wote. Je, mimi niliibiwa? Na Mungu apishie mbali, janga jingine likija nifanye nini?

JIBU: Pole dada, na shukrani kwa kuweka tarakimu maana watu wengi huniuliza hili jambo bila namba hata moja na hapo inakuwa vigumu kusaidia. Nimekaa miaka mingi upande wa mikopo ya biashara ndogo na hili swali lako ndo nimelisikia kuliko yote tangu 2020, kwa hivo ntalijibu taratibu.

Nianze na hesabu. Laki sita kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, riba ya mwezi mmoja peke yake ni 6,500. Ukikaa miezi sita hulipi, ile riba haikulala, ilikuwa inaongezwa juu ya deni kila mwezi, na mwisho wa miezi sita deni lako linakuwa kama 640,000. Yaani elfu arobaini imeingia wakati umekaa nyumbani hoteli imefungwa. Alafu likaja jambo la pili ambalo nadhani ndo lilikuumiza zaidi: benki haikusogeza tarehe ya mwisho. Ulikuwa umebakisha miezi 24, sita ikapita, ikabaki 18, na ile 640,000 ikabanwa ndani ya hiyo 18. Nimepiga hesabu mwenyewe na inatoka 39,300 na ushee, sawasawa na ulivoandika. Kama wangekupa tena miezi 24 kamili ungelipa kama 30,400 kwa mwezi, ambayo kwa hoteli iliyofunguka nusu pengine ungeiweza.

Sasa tuwe wakweli, hiyo njia ya pili ingekuwa nafuu kwa mwezi lakini ghali kwa jumla, kwa sababu ungemaliza umelipa kama 46,000 zaidi ya vile ungelipa bila korona, wakati hii uliyopewa ilikuongezea kama 23,000. Kwa mtu mwenye akiba ya kutosha hii ya 18 ni bora. Kwa mtu ambaye wateja wake ndo wanaanza kurudi mmoja mmoja, 39,300 ni kumtafutia kuanguka, na ofisa wa mikopo aliyekuwa macho angeliona hilo. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba hakuna aliyekukalisha chini akakuonyesha hizi njia mbili uchague. Wizi, kwa haya uliyoandika, siuoni. Lakini kuna kitu kimoja nataka ukakiangalie na ntakirudia hapo chini, nacho ni makato.

Maana ya ile simu uliyopigiwa ni hii. Tarehe 18 Machi 2020, siku chache tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Kenya, Benki Kuu ilikubaliana na mabenki kwamba mtu ambaye mkopo wake ulikuwa unalipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020 anaweza kuomba mkopo upangwe upya. Mkopo wa mtu binafsi ungeweza kusogezwa hadi mwaka mmoja, na wenye biashara wakaambiwa wazungumze na benki zao kila mtu kwa hali yake. Hapo hakukuwa na hata shilingi moja ya serikali inayokuja kukulipia deni. Ulichopewa ni muda, na muda wa benki una bei yake, bei hiyo ni riba. Aliyekwambia "serikali imesaidia" akanyamaza hapo hapo alikuacha na picha isiyo sawa kabisa, na najua hukuwa peke yako maana huo mpango ulidumu mpaka mwanzo wa Machi 2021 na ukagusa zaidi ya nusu ya mikopo yote ya mabenki Kenya, ikipimwa kwa thamani. Fikiria ni watu wangapi walitulia kama wewe.

Dadako wa Minnesota yeye alikuwa kwenye mpango wa aina nyingine kabisa. Marekani ilipitisha sheria Machi 2020 ikatoa mikopo kwa biashara ndogo kupitia mabenki, inaitwa PPP, na sharti lake lilikuwa ukitumia angalau asilimia 60 kulipa mishahara (mwanzoni ilikuwa 75 wakaipunguza) na zilizobaki kwa kodi ya pango na mengine machache yaliyoruhusiwa, unaomba ufutiwe na serikali inailipa benki. Mpango mzima ulifika kama dola bilioni 800. Huo ulikuwa ruzuku iliyovaa nguo za mkopo. Na hata kule usidhani ilikuwa raha kwa kila mtu, fungu la kwanza la dola bilioni 349 liliisha chini ya wiki mbili, kampuni kubwa zenye watu wao ndani ya mabenki zikatangulia mbele ya foleni, na wenye visaluni na vigenge ambao hawakuwa na benki inayowajua wakabaki wanapiga simu. Shake Shack, kampuni ya baga yenye matawi mengi, ilipata dola milioni 10 kisha ikazirudisha baada ya kelele. Uingereza nao wakafanya kitu cha katikati, mkopo wa hadi pauni 50,000 ambao serikali iliudhamini wote na kulipa riba ya mwaka wa kwanza, lakini mkopaji bado anatakiwa arudishe. Kwa hivo kuna pesa inayofutwa, kuna mkopo uliodhaminiwa, na kuna kusogezewa tu tarehe. Wewe ulipata hiyo ya tatu, na ukaisikia kama vile ni ya kwanza.

Nchi ya Kenya haikuwa na uwezo wa kuchapisha mabilioni kama Marekani, hilo nalielewa na sitaki kuonea mtu. Lakini ukiangalia pesa iliyotoka ilipitia wapi ndo utaelewa kwa nini hoteli yako haikuona kitu, na hapa ntakaa kidogo maana ndo moyo wa swali lako.

Kitu kikubwa serikali ilichofanya ni kupunguza kodi. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza tarehe 25 Machi 2020 na sheria ikasainiwa mwezi uliofuata: anayepata mshahara wa hadi 24,000 asikatwe PAYE (kodi ya mshahara) kabisa, wenye mishahara mikubwa kiwango cha juu kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25, makampuni nayo 30 hadi 25, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kutoka 16 hadi 14, na kodi ya mauzo ya biashara ndogo kutoka 3 hadi 1. Ukisikia hivo ni kama kila mtu kaguswa. Sasa weka namba. Mfanyakazi wa 24,000 alibakiwa na kama 1,500 zaidi kwa mwezi. Bosi wa laki tano alibakiwa na zaidi ya 25,000 kwa mwezi, na wengi wa mabosi hao walikuwa wanafanyia kazi nyumbani mshahara ukiingia kama kawaida. Na yule binti aliyekuwa anakuoshea vyombo, ambaye ulimlipa kwa siku na korona ikamrudisha kwao, hakuwa analipa PAYE, kwa hivo hakukuwa na kodi ya kumpunguzia. Hoteli iliyofungwa haina mauzo, na asilimia 1 ya sifuri ni sawa na asilimia 3 ya sifuri. VAT ndo kabisa, unga wa mahindi hautozwi VAT tangu zamani, kwa hivo hiyo asilimia mbili haikushusha bei ya ugali wako hata senti.

Kwa haki niseme pia, huyo mwenye mshahara mdogo nafuu yake ilibaki hata 2021 ilipofika, ni wale wa juu na makampuni waliorudishwa asilimia 30 kuanzia tarehe 1 Januari 2021, siku hiyo hiyo VAT nayo ikarudi 16.

Alafu kulikuwa na pesa za moja kwa moja. Bilioni kumi zilitajwa kwa wazee, yatima na wasiojiweza, na hizi zilipita kwenye Inua Jamii, mpango uliokuwepo tayari wa shilingi elfu mbili kwa mwezi, kwa hivo aliyekuwa ameandikishwa zamani ndo alipata. Kulikuwa na shilingi elfu moja kwa wiki kwa familia zenye shida sana, na shirika la haki za binadamu Human Rights Watch walipofuatilia mambo Nairobi walikuta ni sehemu ndogo tu ya familia za mitaa ya mabanda zilizofikiwa, na watu hawajui orodha iliandikwa vipi wala na nani. Hili liliniuma na bado linaniuma. Mtu amekaa na njaa, jirani kapata yeye hakupata, hana wa kumuuliza. Kulikuwa na Kazi Mtaani, vijana wa mitaa ya mabanda wakifagia na kuzibua mitaro, awamu ya pili ikilipa 455 kwa siku, na huo mimi nauheshimu maana ulifika mikononi mwa watu ambao hakuna mpango mwingine uliowafikia, kijana analala na hela yake kwenye simu.

Kwa biashara, mwezi wa Mei 2020 ukatangazwa mpango wa bilioni 53.7. Ndani yake bilioni 10 zilikuwa za kuharakisha marejesho ya VAT na madeni ambayo serikali yenyewe ilikuwa inadaiwa, yaani kumlipa mtu haki yake. Bilioni 2 zilikuwa mikopo nafuu ya kukarabati mahoteli, lakini ni yale ya watalii sio yako ya pilau na chapati. Na bilioni 3 ndo zilikuwa za kudhamini mikopo ya biashara ndogo. Huu wa mwisho ndo ungekufaa wewe, ila ulizinduliwa Desemba 2020, Pwani ikiwa ishafungwa na kufunguliwa, na dhamana yenyewe ilikuwa asilimia 25 tu ya mkopo, kwa mabenki saba. Benki ikibeba hatari ya asilimia 75 itampa nani? Itampa yule yule ambaye ingempa hata bila dhamana. Kwa maoni yangu huo mpango ulichelewa na ulikuwa mwembamba, ingawa wazo lenyewe lilikuwa sahihi.

Umeona mtiririko wake. Kila msaada ulipita kwenye mfereji uliokuwa umechimbwa tayari, PAYE, VAT, orodha ya wazee, mkopo wa benki, na wewe mfereji pekee uliokuwa nao ni huo wa benki, ndo maana kilichokufikia ni kusogezewa deni.

Na watu wakiniambia haikuwezekana vingine kwa nchi maskini mimi huwapa mfano wa Togo. Aprili 2020 walianzisha mpango unaitwa Novissi, mtu wa vibarua na biashara ndogo ndogo anapiga namba kwenye simu hata ya kitochi, anaingiza kadi yake ya mpiga kura, kama anastahili pesa inaingia kwenye simu. Mjini Lomé mwanamke alipewa faranga 12,250 kwa mwezi na mwanamume 10,500, mwanamke zaidi kwa kuwa ndo mara nyingi anayelisha nyumba. Mamia ya maelfu ya watu walilipwa. Togo haina M-Pesa yenye mizizi kama yetu! Sisi tulikuwa na simu, tulikuwa na vitambulisho, na tayari Machi 2020 tulikuwa tumeondoa ada za kutuma pesa hadi shilingi elfu moja, jambo ambalo lilisaidia kweli maana watu ndo walikuwa wanatumiana wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, chama kwa chama. Kilichokosekana ni uamuzi wa kumtafuta mtu kama wewe.

Haya turudi kwako. Makato. Katika ule utaratibu wa Machi 2020 ilisemwa wazi kwamba gharama za kusogeza na kupanga upya mikopo zitabebwa na mabenki. Riba haimo humo, riba ni yako, lakini ada ya kupanga upya, ada ya barua, ada ya kutathmini, hizo hazikufaa kukatwa kwako kwa ule mkopo. Kwa hivo nenda benki uombe stetimenti nzima ya mkopo kuanzia Machi 2020 hadi ulipomaliza, na nakala ya barua ya masharti mapya uliyosaini (kama hukusaini kitu chochote, hilo pia liandike kwenye malalamiko yako maana ni jambo zito). Pitia mstari kwa mstari. Ukikuta ada ya namna hiyo andika barua, usipige simu, barua yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa, wasipojibu wapelekee Benki Kuu. Usilaze hili jambo, madai ya mkataba kisheria yana kikomo cha miaka sita tangu kosa litendeke, na Mahakama ya Madai Madogo inapokea kesi za hadi milioni moja ila kwa muda uliopita wewe onana na wakili kwanza akuangalie tarehe zako kabla hujatumia nauli.

Angalia pia kipindi ulichochelewa walikutoza kiasi gani cha faini na riba. Sheria ya mabenki kifungu cha 44A inasema mkopo ukishaharibika, riba benki inayoweza kudai haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku ulipoharibika. Kwa laki sita sidhani ulifika huko, lakini wapo wanaosoma hapa wamefika na hawajui.

Kuhusu CRB, una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, ichukue kutoka taasisi zote tatu zinazotunza hizo kumbukumbu maana hazilingani. Ukilipa deni jina halifutiki papo hapo, historia inabaki miaka mitano tangu umalize, lakini lazima ionyeshe kwamba deni limelipwa na salio ni sifuri. Wengi nakuta benki haikupeleka taarifa ya kumaliza, mtu anaonekana bado anadaiwa. Ikiwa ndo hivo, peleka pingamizi kwenye hiyo taasisi na barua ya benki ya kumaliza deni. Na angalia tarehe ya kuingizwa: mikopo iliyokuwa inalipwa vizuri ikaharibika kuanzia Aprili 2020 haikutakiwa kuripotiwa CRB mpaka mwisho wa Septemba mwaka huo. Kama uliingizwa ndani ya hiyo miezi sita, hiyo ni hoja yako na ni nzito.

Janga jingine likija, au hata mafuriko au barabara kufungwa kwa ujenzi mwaka mzima mbele ya hoteli yako, usikubali "usilipe kitu" kabla hujauliza mambo matatu: riba inaendelea au inasimama, tarehe ya mwisho inasogea au haisogei, na malipo ya mwezi yatakuwa shilingi ngapi tukianza tena. Wakuandikie. Na kama una uwezo wa kupata hata kidogo omba ulipe riba peke yake. Kwako ingekuwa 6,500 kwa mwezi, deni lingebaki laki sita pale pale, wakikusogezea tarehe ungerudi kulipa 28,500 yako ile ile uliyoizoea, na jumla ya nyongeza ingekuwa 39,000 badala ya 46,000. Tofauti ya pesa ni ndogo, lakini hutashtuliwa na namba mpya siku unafungua mlango.

La mwisho ni hii mifereji. Pokea malipo kwa namba ya biashara na sio simu yako binafsi ili mauzo yako yaonekane, uwe na PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) inayofanya kazi na leseni ya kaunti isiyopitwa na wakati, wafanyakazi wako waandikishe hata wawe wawili. Najua kodi ya mauzo ilirudishwa asilimia 3 mwaka 2023 na watu wanaogopa kuonekana, na siwalaumu, kuonekana kuna gharama zake. Lakini mauzo yakiwa chini ya milioni moja kwa mwaka hiyo kodi haikuhusu, na mimi nimeona mwaka 2020 wenye vitabu vya mauzo wakiingia benki na kutoka na masharti tofauti kabisa na ya wale waliokwenda na maneno matupu, benki ile ile na wiki ile ile. Ukishapata stetimenti yako niandikie tena, nitajie tu mistari ya makato na tarehe zake, jina la benki na namba ya akaunti usiweke, tuipitie pamoja.